Tangi la Nusu

Kijiwe cha Kibondo mjini, ubavuni mwa duka la Hilali, kilikuwa bao moja refu juu ya matofali, na mwaka ule wa tisini na saba hakikuwa na kesi nyingine ila ya tangi. Shirika moja lilikuwa limeijengea tangi zahanati ya kijiji fulani, njia ya Nyabibuye. Usiku lilijaa likamwagikia migombani. Ikifika saa nne asubuhi, halina hata tone. Wajawazito wakawa wanakwenda kujifungua na ndoo zao kichwani. Lawama zote zikamwangukia Reverien, fundi mwashi aliyelijenga. Watu wakaacha kumpa kazi, na Alhamisi iliyopita akapanda lori kwenda machimboni, asiseme atarudi lini. Melkiadi, aliyelichora tangi hilo kwenye kompyuta ya shirika, alikaa mwisho wa bao na kikombe chake cha kahawa.

— Saruji iliuzwa, alisema Saady, ambaye kwa kusambaza habari walimwita Redio. Ukuta ni mchanga mtupu, unakunywa maji wenyewe.

— Ukuta unywe mpaka saa nne halafu ushibe? Huyu alikuwa Ildefonsi, waliyemwita Meja ingawa jeshi alilionea kwenye gwaride tu. Kuna bomba chini kwa chini. Linavuka mpaka.

— Na mto wa mpakani je? aliuliza Redio.

— Linapita chini ya mto, sha. Wewe shule ulikwenda kufanya nini?

Hilali akachungulia kutoka dukani.

— Ni lile bati la juu. Likipata jua linayavuta maji, yanakwenda kunyesha Kasulu. Hamshangai Kasulu mvua haikatiki?

— Hapo nakubali, alisema Redio. Lakini saruji aliuza.

Melkiadi alikuwa amejiapiza kunyamaza. Ila neno hilo la mwisho lilimchoma, maana alimjua Reverien, mtu wa kurudisha hata misumari iliyobaki.

— Hakuuza hata kilo, alisema. Kosa ni langu. Hilali, niazime viberiti vinane.

Akavipanga juu ya bao: viwili kwa urefu, viwili kwa upana, viwili kwenda juu.

— Hili ni tangi tulilojenga kwanza, la kambi ya wakimbizi. Mita nne kwa nne, kina mbili na nusu. Lita elfu arobaini. Mkubwa wangu akataka la zahanati lichukue nusu ya maji hayo. Mchoro ulikuwamo kwenye kompyuta, nikaiamuru iupunguze nusu.

— Si ndiyo hivyo?

— Ilipunguza kila upande, Meja. Urefu nusu, upana nusu, kina nusu. Akachomoa kiberiti kimoja, akakiweka peke yake. Hiki ndicho kilichobaki.

Meja alivihesabu vile saba vingine kwa kidole, kisha akavihesabu tena.

— Lita elfu tano, alisema Melkiadi. Tulihitaji elfu ishirini.

— Na kompyuta yenyewe haikusema? aliuliza Hilali.

— Ilisema. Niliiuliza ujazo, ikaleta tano na sifuri tisa, maana yenyewe ilihesabu kwa milimita. Nikaona sifuri zimejaa kioo, nikaridhika. Sikuzigeuza ziwe lita. Reverien ndiye aliyeniuliza, siku ya msingi. Mbona padogo hivi, bwana? Nikamwambia kompyuta haikosei, yeye ashike mwiko wake.

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa yakimuumiza kuliko tangi lenyewe. Alitamani angeyameza siku ile ile.

Hakuna aliyetaja bomba wala bati. Redio aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Pelagia, mke wa Reverien, alikuwa amefika dukani na chupa ya mafuta ya taa. Hakuna aliyemwona alipokuja. Aliviangalia viberiti, akamwangalia Melkiadi.

— Shikamoo, shemeji, alisema. Haya umeyajua lini?

Meja akatazama barabarani.

— Nilikwenda na futi kulipima, alisema Melkiadi. Jumanne.

— Jumanne hii ya juzi?

— Hapana, shemeji. Ile nyingine. Kabla hajaondoka.

Pelagia akampa Hilali chupa, akasimama akingoja ijazwe.