Kiti cha Sikio: Maisha ya Mwalimu Justa Nkwabi (1934–1986)

Lori la chumvi lilinishusha Mwakitolyo saa sita mchana, Jumanne, tarehe 11 Novemba 1986. Nilikuwa sijawahi kufika hapo. Nimelala katika miji mingi na kuomba maji kwa lugha sita, lakini kati ya yale mashimo ya dhahabu na maturubai ilinibidi niulize njia mara tatu.

"Kwa Mwalimu? Fuata kelele," aliniambia mchimbaji mmoja.

Kelele zilikuwa za ndugu zetu. Dada yangu alikuwa kitandani, na watu tisa walikuwa wakizungumza juu yake. Inafaa kwanza mjue ni nani aliyekuwa amelala pale.

Mwalimu Justa alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 huko Ushetu, mtoto wa tatu wa Mzee Nkwabi, mkulima wa tumbaku. Alianza shule ya misheni mwaka 1943. Nyumbani, baba hakumruhusu mtoto aliyetumwa kwa jirani kutoka mlangoni kabla hajarudia ujumbe wote. Siku moja baba alikohoa katikati ya ujumbe. Justa alipofika mahali pale, naye akakohoa. Baba alijaribu kukasirika, akashindwa.

Alihitimu ualimu mwaka 1955, akafundisha vijijini, na kuanzia Januari 1963 alifundisha Ngokolo, mjini Shinyanga. Aliwaketisha wanafunzi sita sita. Kila kikundi kilikuwa na mwenyekiti, mwandishi na mtunza saa, na kiti kimoja alichokiita sikio. Aliyekikalia hakutoa hoja. Kazi yake ilikuwa kurudia alichosema mwenzake, na mwenye maneno akisema, "Sivyo nilivyosema," sikio lilianza upya. Mpaka msemaji aseme "Ndivyo," hakuna aliyeruhusiwa kumjibu. Watoto waliona ni adhabu, na wenye midomo mirefu ndio aliowaketisha hapo mara nyingi zaidi.

"Mwalimu, na huyu amefanya kazi gani?" mkaguzi mmoja alimuuliza akicheka.

"Ndiye pekee aliyefanya kazi, mzee. Wengine walikuwa wakisubiri zamu."

Mwaka 1958 alifunga ndoa na Athanas Bujiku, karani wa kiwanda cha pamba, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1979. Alistaafu mwaka 1984, akahamia Mwakitolyo kufundisha kisomo cha watu wazima. Wachimbaji walikielewa kiti cha sikio kuliko sisi. Walijua kwamba neno la aliye chini likipotea kabla ya kumfikia aliye juu, mtu hatoki shimoni.

Ugonjwa wa tumbo ulimpata Jumapili, tarehe 9 Novemba. Nilipoingia Jumanne, alikuwa akisema hivi, polepole, kama anayesoma imla:

"Maumivu yalihama kutoka kitovuni yakaja kulia. Asubuhi hii yameacha ghafla, na ndiyo sababu naogopa. Nipelekeni hospitali leo."

"Yameacha!" Shangazi Mageni akapiga vigelegele.

"Basi tungoje hadi Jumapili, tuone," akasema shemeji Makoye, kaka yake Athanas, ambaye alikuwa amejifanya mwenyekiti.

Maulidi, mnunuzi wa dhahabu, alikuwa ameleta Landrova yake mlangoni. "Wazee, gari lina mafuta. Semeni tu."

"Wewe ngoja ukoo umalize," akajibu Makoye.

Nami, badala ya kumbeba dada yangu, nikaanza kuwasimulia jinsi wagonjwa wanavyosafirishwa Bombay. Justa akaninyooshea kidole.

"Wewe ni sikio. Rudia nilichosema."

"Umesema maumivu yameacha."

"Sivyo nilivyosema."

"Umesema upelekwe hospitali yakirudi."

"Sivyo."

Mlangoni alisimama Zuwena, mwanafunzi wake wa zamani wa Ngokolo, anayeuza uji machimboni, bakuli mkononi. "Shikamooni. Mwalimu amesema yameacha ghafla, na ndiyo sababu anaogopa. Amesema leo."

"Ndivyo," akasema Justa, akafumba macho.

"Na huyu ni nani katika ukoo wetu?" akauliza Makoye.

Swali hilo ndilo lililojadiliwa mpaka jua likazama. Ilinichefua siku ile, na inanichefua sasa ninaposoma haya, ndugu zangu mlioketi mstari wa mbele na vitambaa vyenu vyeupe. Watu kumi, nami nikiwemo, tuliketi kando ya mwalimu wa kusikiliza, kila mtu na hotuba yake, na ile sentensi moja yenye uhai wake tuliichukua nusu: nusu iliyotufurahisha.

Gari liliondoka Jumatano saa nne asubuhi, alipokuwa amekwisha kuanza kutetemeka; nimeambiwa baadaye kwamba kidole tumbo kikipasuka, maumivu hutulia kwanza, ndipo sumu huenea. Makoye, Shangazi Mageni na mzee mwingine walipanda kumsindikiza, nafasi zikaisha. Zuwena na mimi tulibaki barabarani. Justa alisema jambo dirishani. Makoye alikuwa akimwelekeza Maulidi njia ambayo Maulidi anaijua kuliko yeye, na sikusikia. Alifariki njiani, kabla ya Shinyanga, saa tano na nusu, tarehe 12 Novemba 1986, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Nimewauliza wote watatu waliomsindikiza maneno yake ya mwisho. Kila mmoja amenieleza aliyoyasema yeye mwenyewe.

Marehemu ameacha watoto wawili, Onesmo na Esta, wajukuu watatu, mdogo wake, ambaye ni mimi, na Zuwena, ambaye sikuuomba ukoo uamue kama aandikwe hapa.

Leo anaondoka mara ya pili, nami nabaki tena. Bwana ampe pumziko, na huko aliko apate ule utulivu ambao sisi hatukumpa.