Historia ya Papa Donat Mulenga, Mtu wa Viini Vinavyozunguka

Padri wetu, Mama Germaine mjane wetu, wazee wa familia mliotoka Sakania juu ya gari la mizigo na baridi hii ya Juni, majirani wa Ruashi, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mimi ni Jeannot Mulenga, fundi cherehani wa Kamalondo, mdogo wake marehemu na kitinda mimba wa nyumba yetu, na ni mimi niliyetumwa na familia nisome maisha ya ndugu yetu mbele ya kaburi hili. Suti aliyovaa humo ndani nimeishona mwenyewe juzi, kola haikukaa vizuri, mtanisamehe.

Kabla sijaanza niseme jambo ambalo kila mtu hapa analijua na kila mtu anajifanya halijui. Kwetu, neno linalosomwa mbele ya sanduku tukifika kwenye ugonjwa na kifo ndilo neno la familia, halirudishwi, na mwenye kutajwa hapo atalibeba mpaka na yeye azikwe. Tangu Jumatatu watu wa kilio wamegawanyika juu ya neno hilo, kwa sababu dada yetu mkubwa, Yaya Abigaïl, anasema Donat aliuawa na mionzi ya kazi yake, siku ambayo binti yake Bénie alimvua kinga kifuani ili arithi kiti chake kwenye mashine, na jana mchana wazee wakaniagiza nisome hivyo, na ndiyo maana mtoto huyo amesimama kule nyuma na akina mama wa vyungu, amekatazwa kulikaribia sanduku la baba yake. Nitasoma kwa utaratibu, huko tutafika, na tafadhali mtu asinikate.

Marehemu Donat Mulenga alizaliwa Sakania tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili wa Papa Floribert Mulenga, mfanyakazi wa reli, na Mama Mwape, muuza samaki wakavu pale mpakani, wote wawili wametutangulia. Alikuwa mtoto mkimya na mkaidi, baba akienda kukagua reli yeye yuko nyuma yake anagonga mataruma kwa fimbo, akiyasikiliza moja moja, ugali unapoa nyumbani, na mama alikuwa akisema, “Huyu mutoto iko na masikio ya bure,” na kwa masikio hayo alichapwa, tena sana.

Alisoma shule ya msingi Sakania tangu 1975 hadi 1981, kisha akaletwa Lubumbashi, Kamalondo, kwa mjomba, akapata diploma ya hesabu na fizikia mwezi wa Julai 1987, akaingia chuo kikuu Oktoba 1988, na masomo yaliposimama mwaka 1990 alirudi mpakani kubeba mizigo ya watu kama kijana yeyote, mpaka alipoitwa tena, akamaliza lisansi, digrii yake ya kwanza, tarehe 22 Julai 1995. Miaka tisa alifundisha fizikia kwenye shule moja ya sekondari hapa mjini, akiandika ubaoni vitu ambavyo hakuwahi kuviona kwa macho, na hilo lilimla ndani. Januari 2005 akaenda Afrika Kusini, na huko, msione haya kulisikia, mwalimu huyo alilinda magari kwenye parking ya duka, anayapungia mkono yakirudi nyuma, hadi mwaka 2007 alipopokelewa chuoni, akapata udaktari wa fizikia tarehe 4 Desemba 2012, akarudi kwetu Machi 2013, akawa mwalimu wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, na kila mwaka akawa anarudi kule kwenye maabara yenye mashine.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza mimi fundi cherehani, na Profesa Antoine wa maabara ile, aliyesafiri kuja kumzika mwenzake, akiona nimekosea akohoe tu. Katikati ya kila chembe ya kitu, ya shaba, ya nguo, ya mwili wetu, mna kiini, na kwenye mashine ile wanavirusha viini kwa mwendo mkali vigonge bati jembamba sana, vingine vinashikamana vinakuwa kiini kimoja kinachozunguka mbio kupita akili, halafu kiini hicho, ili kitulie, kinatupa mionzi ya gama, mmoja baada ya mwingine, na pembeni pande zote zimewekwa fuwele za madini ya jermaniamu, zilizopozwa kwa baridi isiyosemeka, zinazoikamata mionzi hiyo na kuipima nguvu. Ukitaka kujua kiini kikoje ndani, alisema Donat, angalia kinavyozunguka, na hapo alichukua mayai mawili ya Mama Germaine, moja la kuchemsha, moja bichi, akayazungusha juu ya meza, la kuchemsha likaenda vizuri, bichi likajikokota kwa sababu maji yake yanabaki nyuma. Siku ya Pasaka yai bichi lilimponyoka likapasukia kitambaa kipya cha meza, na Mama Germaine akamwambia, “Docteur, kiini yako njo ile, panguza sasa,” tukacheka wote, na yeye mwenyewe akacheka, jambo ambalo kwake lilikuwa adimu.

Kiini kinachozunguka vizuri, mionzi yake huja kwa nafasi sawa, kama mataruma ya reli, lakini mzunguko ukizidi kipimo fulani mataruma yanasongamana, na hapo ndipo chembe mbili ndogo zaidi zilizokuwa zimeshikana humo ndani zimeachana. Ndugu yangu alilitafuta songamano hilo kwenye kiini kimoja tu, tangu mwaka 2014 alipoona alama yake hafifu, wenzake wa Ulaya wakaandika kwamba ile ni mionzi ya kiini kingine iliyochanganyika, naye akaapa atapima upya, akaomba zamu ya mashine, akanyimwa, akaomba tena, akanyimwa, hata mwishowe akapewa wiki moja, tangu tarehe 2 hadi tarehe 8 Juni mwaka huu. Zisikieni hizo tarehe, jamani. Tarehe 9 alikuwa amekufa.

Alifunga ndoa na Mama Germaine tarehe 8 Agosti 1998, parokiani Kamalondo, na Mungu akawapa watoto wawili, Caleb, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1999, leo ni fundi umeme, na Bénie, aliyezaliwa tarehe 12 Novemba 2000. Baba yao alipoondoka Bénie alikuwa na miaka minne, aliporudi alikuwa na kumi na miwili, na mwezi mzima alimwita “Monsieur” kama anavyoitwa mwalimu, na Donat aliumia, aliniambia hivyo akiwa amekaa juu ya kiti cha wateja wangu, lakini hakumlazimisha mtoto. Alichofanya ni kumfundisha. Walipatana juu ya fizikia, ndiyo lugha waliyokuwa nayo, wakabishana nayo asubuhi na jioni mpaka Mama Germaine akatishia kuwanyima chakula, na mwaka 2023 Bénie akapokelewa kwenye maabara ileile kuandaa udaktari wake, na wiki ile ya Juni ilikuwa iwe yao wote wawili, baba na binti kwenye zamu moja.

Sasa ile kinga. Watu wa mashine zile huvaa kifuani kibao kidogo cha plastiki, kazi yake ni kupima mionzi iliyomfikia aliyekivaa, basi, ni kama termometre ya kwapani, haiponyi homa na haizuii homa. Donat alisahau kukirudisha mwaka jana, akaja nacho nyumbani kwenye shati, na Yaya Abigaïl alipoambiwa kwamba ni kitu cha kuvaa mbele ya mionzi, akakielewa anavyoelewa médaille ya Bikira, akakipeleka parokiani kikanyunyiziwa maji ya baraka, na ndugu yetu, kwa kumheshimu dada yake, akakivaa pale Ruashi mbele ya sahani ya sombe, majani ya muhogo tu. Tulimcheka, tukamuuliza kama na sombe inatoa mionzi. Tungemweleza dada yetu vizuri siku ile, lakini nani angeanza?

Tumefika kwenye ugonjwa. Ndugu yetu alikuwa na tansion, damu kupanda, tangu mwaka 2016, daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku, na vidonge hivyo vilimpeleka chooni kila saa, na kwenye zamu za mashine mtu haachi vipimo vyake akatoka ovyo, basi kila alipokwenda kule aliviacha sandukuni, wiki mbili, wiki tatu, na akirudi anasema niko sawa. Hakuwa sawa. Tarehe 17 Februari 2025 alivimba miguu hadi viatu vikakataa, hospitalini wakasema figo zote mbili zimeharibika, akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na Yaya Abigaïl akakibandika kile kibao juu ya shati lake la hospitali, akamkataza mtu yeyote kukigusa. Tarehe 30 Mei ilibidi apitishiwe mpira mpya wa kupitisha damu kifuani, nesi akasema kila kitu kilicho mwilini kitolewe, rozari, saa, kibao, na aliyevitoa ni Bénie, kwa sababu ni yeye aliyekuwa ameketi pale, tena mbele ya macho yangu.

Akiwa ameketi pale, nasema, wakati wiki yao ya mashine inakuja, zamu waliyoisubiri miaka, tiketi yake imekwisha kukatwa. Baba yake alimwambia aende, alimfokea kabisa kwa pumzi aliyobaki nayo, naye akakataa, akabaki kumpangusa jasho na kumbadilishia mashuka, na mashine ikaendeshwa na wengine. Yaya Abigaïl, mimi ni mdogo wako, umenibeba mgongoni, lakini nakuuliza mbele ya watu hawa, anayetaka kiti cha baba yake, siku kiti kimebaki wazi anakaa hospitali kumwaga beseni? Profesa Antoine ametuambia kibao kimesomwa, na kwamba kilichomo ni kidogo sana, mtu akipigwa picha hospitali anapata zaidi, ukamjibu, “Bantu ya mashine batasema nini ingine?” Haya. Lakini mimi nilikuwa pale.

Tarehe 7 Juni, jioni, Donat alimuuliza binti yake kama ile alama imeonekana, na Bénie alikuwa amewapigia simu watu wa maabara, alikuwa anajua kwamba mashine iliharibika siku mbili, na siku zilizobaki hazikutosha, na hakuna kilichoonekana, si ndiyo wala si hapana. Nilimkonyeza adanganye. Ningekuwa mimi ningedanganya, ningesema imeonekana, papa, imeonekana nzuri kabisa. Yeye alimwambia kweli yote, polepole, akimshika mkono, na ndugu yangu akasikiliza hadi mwisho, akasema, “Sawa, utapima tena,” akageukia ukutani, na baada ya hapo hakusema neno lingine la maana. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, akiacha mjane, watoto wawili, dada mmoja, mdogo mmoja, na kazi ambayo haikuisha.

Wazee, neno mlilonipa lisomwe hapa sitalisoma, na mkitaka kunifukuza kwenye kilio mtanifukuza nikishamaliza. Ninasema, kwa jina la familia ya Floribert Mulenga, na mbele ya sanduku hili, kwamba Donat ameuawa na figo, figo ziliharibiwa na tansion, tansion aliiachia yeye mwenyewe kwa ukaidi wake na kwa kuipenda kazi kuliko mwili wake, hakuna mtu aliyemvua kinga, hapakuwa na kinga. Hilo ndilo neno. Limesomwa.

Tunawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia tangu Februari, majirani wa Ruashi waliotupa viti, maji na makaa, Padri kwa sala zake, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu waliombeba mabegani, na Profesa Antoine pamoja na wenzake wa maabara, ambao walisimamisha kazi yao asubuhi ya Jumanne kwa ajili yake. Tunamshukuru pia Yaya Abigaïl, aliyempikia mgonjwa uji siku zote hizo, hilo hakuna atakayemnyang'anya.

Bénie, mwanangu, toka huko nyuma, pita katikati ya watu, usiinamishe kichwa, udongo wa kwanza mtautupa wewe na Caleb. Yaya, mupishe mutoto. Donat, ndugu yangu, lala sasa, amani ya Mungu ikufunike, binti yako anakuja.