Nailoni ya Mzee Teo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Teofili Adolf, fundi wa mitambo wa kituo chetu cha vipimo vya mito hapa Lumemo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Wengi tunamwita Mzee Teo, na hata mkuu wa kituo humwamkia shikamoo kabla ya kumpa kazi.

Aliajiriwa mwaka 1994 kutengeneza taipureta. Wakati huo daraja la mto Kilombero lilikuwa halijajengwa, naye alivuka kwa pantoni kwenda Malinyi, taipureta imefungwa kwenye karia ya baiskeli. Kompyuta zilipoingia, alijifunza kwa kuzifungua na kuzifunga. Aliharibu mbili tu, na hilo analikiri mwenyewe.

Kwa Mzee Teo kitu kipya hakivuliwi nailoni. Anasema vumbi la kiangazi na unyevu wa masika vinasubiri mlangoni. Rimoti ya kiyoyozi imo ndani ya nailoni tangu inunuliwe. Kiti chake kilikaa na nailoni ya dukani miaka sita, na kila alipogeuka tulimsikia hadi masjala. Tulimtania sana, lakini hakubadilika.

Masika ya 2023, kompyuta inayopokea vipimo vya maji kutoka Mofu na Malinyi ilianza kupata moto. Mzee Teo akafunga kipozeo kipya, chuma chenye feni, juu ya prosesa. Badala ya kushuka, joto likafika nyuzi tisini na nane na mashine ikajizima. Ikizima, wakulima wenye mpunga kando ya mto hawapati taarifa kwamba maji yanapanda. Akapuliza vumbi, akakagua waya wa feni, akakaza skrubu, akaleta hata feni ya mezani na kuielekeza kwenye mashine iliyo wazi. Dakika ishirini tu, ikazima tena.

Lawama zikamwendea Nassib, mtunza stoo, aliyekinunua kipozeo hicho Morogoro mjini. Ikasemwa ameleta feki. Mkuu wa kituo, Bi Wilhelmina, akampa barua ya kujieleza ndani ya siku saba, na ofisi nzima ilijua kwamba maelezo yasiporidhisha, Nassib anaondoka. Alinunua alichoagizwa.

Siku ya sita Mzee Teo alikifungua kipozeo chote. Chini yake, kati ya chuma na ile pesti ya kupitisha joto, palikuwa na nailoni nyembamba ya kiwandani, ya kubanduliwa kabla ya kufunga. Yeye hakuibandua. Kwa aliyewahi kukiona kiti chake, hilo si la kushangaza.

Chumbani alikuwa peke yake, na nailoni yenyewe ilienea kwenye kiganja. Angeitia mfukoni, asingejua mtu. Alipangusa pesti, akapaka mpya, akafunga upya. Joto likatulia kwenye nyuzi hamsini na mbili. Kisha akaingia kwenye kikao cha Jumatatu, watumishi wote wamekaa, akaiweka nailoni mezani mbele ya Bi Wilhelmina.

"Mkuu, ile barua ibadilishe jina. Nailoni niliiacha mimi."

Aliandikiwa onyo, la pekee katika faili lake lote. Aliposhauriwa aombe liondolewe kabla ya kustaafu, alisema liachwe, ni lake.

Nassib bado yuko stoo. Ndiye aliyeomba kuandika wasifu huu, na Nassib huyo ni mimi ninayeuandika.

Mzee Teo, asante. Sikuwahi kukwambia vizuri siku ile, kwa hiyo nakwambia hapa, mbele ya wote. Nenda Mofu ukalime mpunga wako kwa afya na amani, na Mungu akupe miaka mingi ya kuufaidi. Zawadi yako ni redio. Nimeinunua mwenyewe, na nailoni yake sijaigusa.