Siku Mto Ulipochukua Nyumba Yetu ya Magurudumu

Asifiwe Bwana anayejua kina cha kila mto! Ndugu zangu, nasimama mbele yenu nikiwa na shukrani na machozi. Msishangae nikinyamaza katikati. Nitaendelea.

Jina langu ni Byamungu, kifungua mimba wa nyumba yetu. Mama alifariki alipomzaa Neema, mtoto wetu wa mwisho. Papa alimfuata miaka michache baadaye, kwa ugonjwa. Hapo niliacha shule. Nyuma yangu walikuwa Mapendo, Josué na huyo Neema, na tumbo halisubiri diploma.

Kisha ziwa likapanda. Ninyi mnaoishi Uvira hamhitaji kuelezwa. Lilikula kwanza choo, likala jiko, mwisho likaingia chumbani, na ukuta ukalala majini kama mtu aliyechoka. Kilichobaki ni Hiace ya Papa, kuukuu, ambayo zamani ilibeba abiria. Niling'oa viti, nikapigilia mbao za kitanda. Mapendo akatundika kitenge cha Mama kuwa pazia. Mbabula ya makaa ikakaa nyuma, bidoni la maji chini ya kitanda. Ikawa ndiyo nyumba yetu.

Tulinunua ndagala, hawa samaki wetu wadogo, hapa ziwani, tukaziuza katika masoko ya bondeni, Runingu na kwingine hadi Luberizi, na kurudi na mchele. Tulipokutwa na giza, tulilala papo hapo. Ndugu zangu, msione ni raha! Stata ilikuwa imekufa, kila asubuhi tulisukuma. Vifuta maji havikuwepo, hivyo mvua ikianza Josué alitoka mbio na nusu ya kitunguu kusugua kioo ili nione barabara. Alikuwa akiimba akisugua, amelowa chapachapa, na abiria wa magari mengine walicheka pamoja naye. Huyo mtoto alimchekesha hata Papa siku alipokuwa anakata roho.

Baba mkubwa hakupenda maisha hayo. Aliniambia mbele ya watu kwamba gari si mahali pa kukulia watoto: "Byamungu, weye ungali mutoto. Mapendo aende Fizi kwa shangazi yake, Neema aende Bukavu, Josué nitamuchukua miye. Batoto habakomalie mu mutuka!" Nilikataa. Nilikuwa nimemwahidi Papa kwamba watoto wake watakula sahani moja. Hilo tu ndilo nililomwomba Mungu kila siku: Bwana, tusitawanyike.

Siku ile tulikuwa njiani kwenda Luberizi. Mvua ya usiku ilikuwa imepita kwenye paa letu bovu na kulowesha ndagala. Ndagala zikilowa zinaoza, na hatukuwa na mtaji mwingine. Mchana jua likawaka. Tukafika kwenye mto mmoja usio na daraja, maji yake ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na pembeni mchanga mpana, mweupe, wa moto.

Sisi ni watoto wa ziwa. Tangu kuzaliwa tumeona mama zetu wakianika ndagala kwenye mchanga. Mchanga kwetu ni mahali pa usalama. Niliteremsha gari hadi kwenye ule mchanga, tukatandaza turubai, tukaanika. Neema alikuwa na homa, akalala ndani.

Ndipo akatokea mzee mmoja mwenye fimbo, mchunga ng'ombe wa kutoka juu milimani, Bijombo, akivusha ng'ombe wake haraka haraka. Akapaza sauti: "Weye mushofere! Ondosha mutuka hapo! Kule juu mvua iko inanyesha!"

Nikamjibu: "Papa, huku jua iko kali."

Josué akacheka, akaniambia mimi mkubwa wake: "Yaya, mwache. Batu ya ng'ombe banaogopa maji. Hata kuoga banaogopa!"

Mzee akatusikia. Hakukasirika. Akasema: "Mutoto wa ziwa, ziwa iko inakaa kwake. Mto iko inatembea."

Nikainua macho. Mlima ulikuwa mweusi. Nikapiga kelele tukusanye ndagala. Josué akaruka ndani kushika usukani, mimi na Mapendo tukasukuma. Magurudumu yakazama mchangani. Tukasukuma tena. Ndugu zangu, nilisikia mngurumo nikadhani ni lori barabarani. Halikuwa lori. Yalikuwa maji, rangi ya udongo, yamebeba miti.

Yalinipiga mimi na Mapendo, yakatutupa ukingoni. Gari likaanza kuogelea. Ndani yake Josué na Neema.

Yule mzee hakujua kuogelea. Josué alikuwa amesema kwa utani, lakini ilikuwa kweli. Alifanya wanavyofanya watu wa ng'ombe: akamswaga fahali wake mkubwa majini, akashika mkia wake, akaingia hadi kifuani. Nilimwona Josué akimtoa Neema dirishani. Angeweza kuruka yeye. Aliogelea kuliko sisi sote! Lakini alimwinua dada yake kwa mikono miwili, akamtazama yule mzee usoni, akaita: "Papa, shika!"

Mzee akashika. Na maji yakachukua gari.

...

Tulimpata Josué siku ya pili, chini, katika mashamba ya mchele. Wakulima wasiotujua walitupa sanda na wakachimba kaburi. Mzee yule, jina lake Papa Mahoro, alikaa nasi matangani. Siku hizi watu wa mlimani na wa bondeni wanaogopana, mnajua wenyewe. Siku ile walikaa mkeka mmoja na kunywa chai ya sufuria moja, na hakuna aliyeuliza mwenzake anatoka wapi.

Nilirudi Uvira na watoto wawili. Sikusali tena. Mlipoimba hapa kanisani mimi nilifumba mdomo. Nilimwambia Mungu: Nilikuomba jambo moja tu. Na familia ilipoitisha kikao ili wawagawanye Mapendo na Neema, sikuwa na nguvu ya kukataa. Nilikaa nimeinamisha kichwa. Baba mkubwa alikuwa tayari ameita mtu wa kumpeleka Neema Bukavu, na nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye kile kitenge cha Mama, ambacho maji yalikitupa ukingoni.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Papa Mahoro! Ametembea kutoka mlimani, amebeba kibuyu cha maziwa, vumbi hadi magotini. Akasalimia wakubwa, akaketi. Akasema kwamba kijana yule alimwekea mtoto mikononi, na kwao mtu aliyekabidhiwa mtoto harudi mikono mitupu. Amemtengea Neema mtamba katika kundi lake. Kwa desturi yao, ng'ombe akishatolewa, nyumba mbili zimekuwa ndugu.

Kisha akaona lile furushi la nguo. Akauliza ni la nini. Baba mkubwa akamweleza. Mzee akasema kwa upole: "Mukigawanya hawa batoto, maziwa nitapeleka wapi?"

Baba mkubwa alifuta uso kwa kofia yake. Mwishowe akasema: "Mapendo, fungua hizo nguo." Na Mapendo akafungua, ndugu zangu! Nikalia kilio ambacho sikukilia hata makaburini. Na ndani ya kilio hicho nikasikia kinywa changu kinasema, "Asante, Yesu."

Leo tunaishi chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Baba mkubwa, watatu, sahani moja. Bado namlilia Josué. Mvua ikianza, mkono wangu unatafuta kitunguu. Sijaelewa kwa nini Bwana hakuwatoa wote wawili, na sitawadanganya kwamba nimeelewa. Lakini nilijua kumwamini wakati jua linawaka. Sasa najua kumwamini wakati mlima ni mweusi.

Yule mtamba amekua. Neema ndiye aliyempa jina. Anaitwa Shika.

Ndugu yangu, dada yangu, labda leo uko dirishani na maji yanapanda. Mikono yako imebeba mtu unayemwogopea kuliko nafsi yako. Usimtafute tu mwokozi uliyemtazamia, maana huenda atakuja yule uliyemcheka. Mnyooshee Bwana mzigo wako, na umwite kama mdogo wangu alivyoita. Mikono yake haijawahi kuachia. Amina.