Saruji Ndani ya Amplifaya

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Mama Kulwa, wengi mnanijua kwa lile banda la video kambini kwa wachimbaji, njia ya Geita. Mwenyekiti kaniomba niseme yaliyotupata, maana sasa kila mwanachama anataka kununua redio na deki. Simtaji mtu. Aliyetuuzia anajijua, na Mungu anamjua zaidi.

Mimi na Baba Kulwa tuliuza ng'ombe tukapata televisheni, deki na jenereta. Ikabaki amplifaya. Mchimbaji akitoka shimoni hataki picha inayonong'ona, anataka mlio utikise mabati! Tukamwendea mchuuzi mnadani. Nyuma ya amplifaya yake inang'aa stika, alama ya ubora. "Imepimwa Ulaya hii, mama." Sisi tungejuaje? Huku kwetu kwenye dhahabu, kitu halisi ni kizito. Baba Kulwa akainyanyua, akacheka. "Nzito! Hii ndiyo yenyewe." Nami nikainyanyua, nikakubali. Hatukuuliza swali la pili.

Masika hayakwisha. Alasiri moja banda limejaa, Baba Kulwa akashika bodi ya chuma ya ile amplifaya aongeze sauti. Umeme ukamkamata. Ukamkamata, jamani, nami namwona! Nikataka kumvuta, watu wakanishika: "Utakufa na wewe!" Nikabaki kupiga mayowe tu, mpaka mmoja akazima jenereta. Mume wangu alipona. Mkono wake wa kulia haukupona. Hospitali tulikwenda, kwa waganga tulikwenda, nikamkanda kwa maji ya moto hadi machozi yakanikauka. Mchuuzi mnadani hayupo. Ningemshtaki nani? Wengine hapa husema walishikilia imani. Mimi sikuwa nayo, nawaambia ukweli.

Banda likafa, njaa ikaingia. Akaja baba mmoja wa Chato kutaka ile amplifaya, maana kulia ilikuwa bado inalia. Akainyanyua. "Nzito! Hii ndiyo yenyewe."

Maneno yale yale! Mume wangu ananitazama. Nikachukua bisibisi nikaifungua mbele ya mgeni. Ndani mna nyaya chache, na chini bonge la saruji limegandishwa. Mgeni akashukuru, akaenda zake. Siku hiyo hatukula.

Kesho yake nikaibeba hadi Kahama kwa mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la redio. "Mama, stika mtu yeyote anabandika," akaniambia. "Alama ya kweli inataja nani kapima. Na namba ya nyuma ya mashine ifanane na ya kwenye boksi na ya kwenye kitabu chake. Hata hiyo haikuambii mlio ni mtamu. Inakuambia walipima umeme usimfikie anayeishika." Nililia pale pale dukani. Akanipa kazi ya kufungua maboksi na kulinganisha namba, ndiyo inayotulisha mpaka leo.

Namshukuru mzee yule. Nawashukuru akina mama wa chama hiki, mliolima pamba yetu mimi nikiwa hospitalini. Ndugu zangu, kabla hujanyanyua, soma. Hujui kusoma? Njoo na anayejua, si aibu.

Naona mnajiandaa kunipigia makofi. Naomba msipige. Baba Kulwa yumo humu, kakaa pale mlangoni, naye makofi hawezi kupiga. Nendeni tu mkamsalimie, kwa mkono wa kushoto.