Wimbo wa Kumwosha Bwana Harusi

Kifuniko cha birika kilipoanza kugongagonga kabla ya alfajiri, nilijua nitaliwahi basi la kutoka Mbale kwenda Jinja. Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, mzee Tamim, Mnubi wa mtaa wa Namatala, alimpisha dirishani Rashidah, mwalimu wa chuo kikuu. Nilijifanya nasinzia.

"Natafiti nyimbo za doluka, ngoma ya harusi zenu," Rashidah alimwambia. "Lakini serikali inalipia utafiti wenye faida tu. Nimeandika kwamba zinafundisha afya. Kamati itaamua wiki ijayo."

"Afya? Mwalimu, doluka ni ya kumcheka bwana harusi!"

"Hakuna hata wimbo mmoja wa afya, mzee?"

Akafikiri. "Upo unaomwambia aoge."

Rashidah akapiga makofi. Nilicheka, usingizi wangu wa uongo ukaisha. Kondakta akaniokotea leso iliyoniangukia. "Huo nitawapelekea kamati!" Rashidah alisema.

"Usiwadanganye, binti. Waambie tunaimba kwa furaha. Hiyo si faida?"

"Furaha hawailipii."

"Basi wao ndio wagonjwa."

Walibishana wakicheka mpaka basi likasimama Jinja. Mzee akamshushia begi lake. "Jumamosi njoo kwangu, dada zangu watakuimbia," alisema. "Na wakikunyima fedha, uje tena. Sisi tutaimba tu."