Kesho Tunambeba Dympna

Benchi letu liko mwisho wa daraja la Kilcorran, upande wa soko, limeegemea ukuta wa duka la dawa ili upepo wa mto usitumalize. Kufika saa nne asubuhi kijiwe kimeshajaa. Yupo Askofu, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajakanyaga kanisani tangu siku ya harusi yake. Yupo Redio, yaani Goretti aliyekuwa na duka la chipsi, ambaye Mungu alimuumba bila kitufe cha kuzimia. Yupo Kufuli, Mprotestanti pekee kijiweni, aliyeuza misumari na makufuli ng'ambo ya pili ya mto, kwa Waprotestanti wenzake, miaka arobaini. Alipoanza kuja, baada ya mkataba wa amani kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, alikaa tako moja nje ya benchi kwa mwaka mzima. Na mimi, Breki, dereva wa basi mstaafu; sababu ya jina waulizeni abiria wangu. Chai huja na Redio kwenye chupa kubwa, pamoja na mkate wa zabibu uliopakwa siagi. Asubuhi hiyo ya Alhamisi, Dympna Quigg, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa mji wetu, alikuwa amelazwa kwenye jeneza sebuleni kwake, majirani wakiingia na kutoka na sandwichi mkononi, na mazishi yalikuwa kesho. Kabla hajafa aliandika majina ya watu sita wa kumbeba, watatu wa kila ng'ambo, na wanne kati yao tulikuwa sisi wa benchi. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, kwa sababu hakuna aliyejua kwa nini alituchagua sisi.

— Ni mambo ya vimo tu, alisema Askofu. Jeneza linataka mabega yaliyo sawa, likipinda marehemu anateleza. Ndiyo maana wahenga walisema, ndege wafananao huruka pamoja.

— Mimi nakufikia kwenye mbavu, Redio akamwambia. Mimi na wewe tunafanana wapi?

Askofu akaona hoja imemfia mkononi, akatoa nyingine. Akasema basi tuujue ukweli: Dympna alimpenda. Mwaka sitini na moja, ukumbi wa parokia, walicheza dansi mara tatu mfululizo, na tangu siku hiyo kila mwanamume mjinga kwenye michezo yake ya kuigiza alikuwa na masikio makubwa kama yake.

— Na hayo unayaita mapenzi? nikamuuliza.

— Angekuwa hanipendi angeniweka mara moja tu. Aliniweka kwenye michezo minne.

Kufuli huwa haongei mpaka amalize kipande chake cha mkate. Alipomaliza akafuta vidole, akasema mapenzi hayamo, hii ni adhabu. Yule mama hakutupa karatasi hata moja maisha yake yote. Yeye mwenyewe Kufuli ndiye aliyemuuzia sanduku la chuma la kuzihifadhia.

— Sasa sanduku liko tupu, akasema. Nimeliona jana nilipokwenda kutoa pole. Karatasi zote zimo kwenye jeneza. Na humo sote tumeandikwa kwa majina, mambo yetu yote, na hatutayasoma kamwe. Tutayabeba tu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

— We Kufuli, hiyo methali inasema mzigo ni mwepesi, nikamwambia.

— Basi kesho utaniambia.

Redio akamimina chai duru ya pili, akasema nyote mnapiga ramli. Kesho ndiyo mchezo wenyewe wa kuigiza. Wa mwisho. Waandishi wa magazeti watatoka Belfast na Dublin, watajibanza madirishani, na sisi sita ndio waigizaji.

— Tunatoka na jeneza, akasema, Mkatoliki mbele, Mprotestanti nyuma, tunapanda darajani, mvua inanyesha.

— Mvua nayo ameiandika?

— Huu ni mwezi wa tatu, Breki. Mvua haihitaji kuandikwa.

Ilikuwa haki yangu kucheka. Nilishindwa, kwa sababu neno mchezo lilinichoma mahali.

Michezo ya kwanza ya Dympna ilikuwa ya vichekesho, na mji mzima ulikuwa ukijibana ukumbini, ng'ambo zote mbili, hata wasiosalimiana. Halafu bomu likalipuka pale darajani. Wakafa wawili: msambaza mikate wa kwao na mwanafunzi wa uuguzi wa kwetu. Dympna akaacha vichekesho. Akaandika mchezo wa kina mama wawili waliofiwa, wanaokaa jiko moja lenye birika moja, na kila mmoja hataki mwenzake aliguse. Kabla hata haujaonyeshwa, kwetu ikasemwa amemfanya mama wa kwetu mkorofi, na kwao ikasemwa amemfanya mama wa kwao mnafiki. Ulikwenda kuonyeshwa Belfast. Baada ya hapo hakuandika tena. Alianza kwenda darajani kila Ijumaa saa sita mchana, anasimama saa nzima, mikono kwenye mifuko ya koti, hana bango wala hasemi. Miaka kumi na mmoja, mpaka bunduki ziliponyamaza. Watu wa mbali waliwahi kumpa tuzo kwa hilo. Sisi hatukumpa hata kiti.

— Kuna jambo sijawahi kuwaambia, nikasema.

Redio akanyamaza, na hilo peke yake ni tukio.

Nikawaambia kwamba siku ya kwanza ya mchezo ule Belfast, Dympna alikodi basi langu. Viti arobaini na viwili, bure, kwa mtu yeyote wa Kilcorran. Nililiegesha hapa hapa mbele ya duka la dawa, nikawasha injini, tukangoja. Watu walipita. Walioinua mkono waliniinulia mimi, si yeye. Baada ya dakika arobaini akapanda peke yake, akakaa kiti cha nyuma yangu, akasema twende, Bwana Heaney, tutachelewa.

— Ukaingia kuutazama? Askofu akauliza.

— Nililala ndani ya basi. Niliogopa mtu asije akasema ameniona nikitoka mlangoni. Aliporudi akanipa kipande cha keki ndani ya karatasi. Hakuniuliza kitu. Njia nzima hakuniuliza.

Hakuna aliyenitania, nami ningetamani wangenitania. Kufuli alikuwa akitazama viatu vyake.

— Mke wangu alinunua tiketi mbili, akasema. Nilizitia kwenye jiko la makaa. Yeye akafa hajaacha kunikumbusha.

Askofu akasema kwa sauti ndogo kwamba sote tulikuwa na watoto, na nyakati zile zilikuwa zile. Redio akamjibu kwamba Dympna naye nyakati zake zilikuwa zizo hizo. Kisha akasema labda ametuchagua ili tupate nafasi. Walau jambo moja kwa yule mama tulifanye sawasawa. Hilo sikulibishia. Ndilo nililokuwa nikilitaka tangu niliposikia jina langu limo: kesho tuchukue hatua zetu vizuri, tusikosee, tusimwangushe.

Tulikuwa bado kwenye maneno hayo alipokuja mwanamke wa miaka hamsini hivi, koti jeusi, amejifunga kitambaa kichwani, karatasi mkononi. Ni Oonagh, mtoto wa dada yake Dympna, amefika juzi kutoka Glasgow. Tukasimama sote, tukampa mkono mmoja mmoja, pole kwa msiba, pole sana mwanangu. Redio akamtafutia kikombe, akamkalisha katikati.

Oonagh akatushukuru kwa kukubali kubeba. Akasema padri na mchungaji wote wameafiki njia: kutoka nyumbani, sokoni, darajani, makaburini. Marehemu alikuwa na ombi moja tu. Hakutaka hotuba. Alitaka jeneza litue dakika tano pale darajani, mahali alipokuwa akisimama. Desturi yenyewe tunaijua, maiti hupumzishwa mbele ya nyumba yake au kazi yake, basi kwake ni pale.

— Hilo limeshakwisha, alisema Redio. Sisi ndio tuliokuwa naye, mwanangu. Kila Ijumaa tulikuwa hapa, miaka yote kumi na mmoja. Benchi hili hili, na Kufuli mlangoni kwa duka lake kule mwisho.

— Afadhali, akasema Oonagh. Maana hakuna hata picha moja. Polisi wanataka kujua wazuie magari wapi, na wale wa mazishi waweke viti vya kulitua jeneza wapi. Sasa, alikuwa akisimama wapi hasa?

Lile daraja lina urefu wa hatua mia moja na ishirini. Lina njia ya miguu pande zote mbili na taa nane. Askofu akanyoosha mkono kuelekea katikati, Kufuli akanyoosha kuelekea taa ya kwao, kisha kila mmoja akauona mkono wa mwenzake, na mikono yote miwili ikarudi mapajani.

Oonagh akatungoja kwa adabu. Akasema hata kwa kukisia, upande wa juu wa mto au wa chini.

Ningemwambia nini? Kwamba saa sita ya Ijumaa ikigonga Askofu alifunua gazeti kwenye ukurasa wa mbio za farasi na kuuinua mpaka machoni? Kwamba Redio alikwenda nyuma ya duka lake kumenya viazi, Kufuli akashusha mlango wa chuma, na mimi nilipopita na basi nilikaza macho kwenye bamba la namba la gari la mbele yangu? Ukimtazama itabidi umsalimie, na ukimsalimia itabidi uwaeleze watu wako kwa nini.

— Hatukuwa tunaangalia, nikasema.

Sauti yangu ilitoka mbaya. Oonagh akaweka kikombe benchini, akakunja karatasi yake. Hakukasirika, na nadhani angekasirika ingekuwa nafuu. Akaondoka, akapanda darajani kwa njia ya miguu ya kushoto, polepole, akihesabu taa. Kwenye taa ya tatu akasimama, akatugeukia.

— Ni hapa? akaita.

Askofu akanitazama. Mimi nikamtazama Kufuli. Oonagh akangoja kidogo, akasogea hatua kumi mbele, akatia mikono kwenye mifuko ya koti, akatugeukia tena.

— Au hapa?

Magari yalikuwa yakipita kati yake na sisi. Safari hii tulimtazama sote wanne, wala hakuna aliyegeuza uso, na bado hatukuwa na la kumwambia.